Yai Chini ya Wali

Saa tano na dakika arobaini asubuhi, foleni ya wanafunzi imeshafika mlangoni mwa mgahawa wa Shangazi Siu-kim, kama wateja wanavyomwita, nyuma ya chuo mjini Chiayi. Kila mmoja ana kikasha cha karatasi mkononi na anajipakulia mwenyewe: wali, kabichi, tofu, biringanya, na mwenye nazo anaongeza paja la kuku.

Mwisho wa meza amesimama Liao Hsin-ju, miaka ishirini na moja, aproni imemfikia chini ya magoti. Hana mizani. Anatupia kikasha jicho moja na kutaja bei kwa dola za nchi yao.

"Sitini na tano. Themanini. Kaka, hilo paja ulitaka kulificha na jani moja la kabichi? Tisini."

Mimi mwandishi wa makala haya nami nilitajiwa mia moja na kumi. Nilipouliza kwa nini, nikajibiwa, "Umejaza kama mtu mwenye mshahara," na foleni nzima ikaangua kicheko.

Kisha anafika binti wa mwaka wa kwanza, begi kubwa mgongoni, macho chini. Wali wake umetuna katikati. Hsin-ju anautazama kidogo, anamtazama na mwenyewe.

"Hamsini na tano, mdogo wangu."

Hiyo ni bei ya mboga tupu. Chini ya wali ule kuna yai la dola kumi, na Hsin-ju analijua vizuri, maana miaka miwili iliyopita aliyekuwa akificha yai alikuwa yeye.

Alilelewa na bibi yake, anayemwita Ama, katika kijiji cha wakulima wa vitunguu saumu huko Yunlin. Ama alikuwa ameweka dola elfu thelathini ndani ya kopo la biskuti, za kununulia meno ya bandia ya chini. Ada ya muhula wa kwanza ilipokuwa haijatimia, kopo likafunguliwa.

"Akaniambia meno ya bandia yanawasha, eti kamsikia jirani," anasema Hsin-ju. "Na mimi nikaamini! Nilikuwa mjinga kweli."

Tangu siku hiyo Ama anakula uji wa mchele na viazi vitamu, asubuhi na jioni. Mapera, anayoyapenda kuliko kitu chochote, huyakwangua kwa kijiko.

Mwaka ule Hsin-ju alijipangia dola mia moja na ishirini za chakula kwa siku, na yai halikuwemo. Ndipo akaanza kulizika chini ya wali. "Muhula mzima nilijiona mjanja kupindukia," anasema. "Halafu nikapata kazi hapa. Siku ya kwanza kusimama upande huu wa meza, nikaona. Wali wenye yai unavimba kama paji la mtoto aliyejigonga. Unaonekana toka barabarani! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze."

Alimfuata Shangazi jikoni kuomba radhi. Tsai Siu-kim, mwenye miaka hamsini na minane, hata hakugeuka.

"Ulikuwa umekonda kama kijiti cha kulia wali," alimwambia. "Sasa radhi za nini? Kamenye vitunguu."

Leo Hsin-ju analipwa kama dola elfu tisa kwa mwezi. Elfu nne ni za chumba. Nyingine huzigawa siku ileile ya mshahara kwenye bahasha nyekundu kuukuu, zile za zawadi ya fedha ya Mwaka Mpya, alizozibandika ukutani: moja ya vitabu, moja ya sabuni na simu, moja ya nauli. Risiti za dukani nazo anazitunza, maana namba zake huchezeshwa kwenye bahati nasibu ya serikali. Ushindi wake mkubwa mpaka sasa ni dola mia mbili.

Bahasha ya mwisho ameiandika "meno". Kila mwezi inakula kama elfu mbili na mia tano. Aliwahi kuichokoa mara moja tu, dola mia tatu za kwenda sinema na wenzake. Filamu ilikuwa ya kuchekesha, yeye akalia.

Sasa ina elfu ishirini na sita na mia tano, na mkesha wa Mwaka Mpya uko wiki tano mbele. Ni lazima ampe Ama usiku huo. Siku nyingine yoyote Ama atazirudisha fedha zile mpaka mjukuu achoke. Bahasha nyekundu ya mkesha hairudishwi, ni mkosi. Hata mshahara ujao ukiingia, itabaki elfu moja kutimiza thelathini, kwa hiyo Jumamosi amechukua kazi ya kusugua masufuria.

Hata hivyo, yai la watu haliwi bure. Chakula cha mfanyakazi kina yai moja, na siku likipita yai la kufichwa, Hsin-ju hachukui la kwake. Hajamwambia yeyote. "Siwezi kuwa mwema kwa mfuko wa Shangazi," ananiambia kwa sauti ya chini.

Saa nane wateja wamekwisha. Simu inalia, ni Ama.

"Umekula?"

"Ndiyo kwanza nakaa nile. Wewe je?"

"Nimekula mpaka basi. Nyama tupu."

"Nyama gani, Ama, na meno huna?"

"Ya kumeza! Acha uchokozi, kula."

Hsin-ju anakata simu akicheka, anajifuta macho kwa pindo la aproni. Shangazi amemwekea kikasha mezani: wali na kabichi. Anachota mara mbili, mara tatu. Kijiko kinagonga kitu. Anafukua taratibu, na yai linatokea, la kahawia, limekolea mchuzi wa soya.

Anageuka. Shangazi Siu-kim ametugeuzia mgongo, anasugua karai ambalo tayari ni safi.

Hsin-ju analigawa yai vipande viwili, ananisogezea kimoja, nami nakikataa.

"Ama akishapata meno nitamleta hapa," anasema. "Nitampakulia mimi mwenyewe. Na yai nitaliweka juu kabisa ya wali, Shangazi alione, anitajie bei yake."