Koti la Mpiga Picha

Mpiga picha aliye nje ya ubalozi mdogo ana koti moja jeusi, na waomba viza wote hulivaa. Huwakung'uta mabega, huwafunga vifungo kama mama anayempeleka mtoto shule, kisha huonya: "Usicheke, dada. Hawa hawapendi mtu mwenye raha." Karani wa dirisha la viza amelizoea lile koti pichani kuliko ndugu zake. Leo limemjia na mpiga picha mwenyewe ndani, limembana makwapani.

"Unasafiri kufanya nini, kaka?"

"Mama amelazwa hospitali, huko anakoishi dada yangu."

Karani akaitazama picha. "Mbona hapa umecheka?"

Mpiga picha akajikung'uta mabega. "Sijacheka. Nilikuwa najizuia nisilie."

Karani akaibandika picha kwenye fomu. Nje, wateja walikuwa wakilisubiri koti.