Saa Iliyomkimbiza Mjukuu

Fundi saa mmoja alikuwa na kibanda kilichobanwa katikati ya kinyozi na muuza viatu, na ndani yake alikuwa ameketi juu ya kigoda kimoja kwa miaka thelathini na minane, jicho la kulia likiwa limevikwa lenzi nyeusi ya ufundi. Mtaa mzima ulimwita Babu Sekunde. Jina lenyewe halikumchukiza; waliomchukiza ni wale waliolitamka huku wamechelewa.

Alikuwa mtu wa mizaha isiyo na kelele. Ukimpelekea saa iliyosimama kwa kuishiwa betri, hakukucheka hata kidogo. Aliifungua, akaichunguza, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya, kisha akakuuliza ilianza kuumwa lini na kama ilikuwa inakula vizuri. Kinyozi jirani yake, aliyezoea kufungua duka jua likiwa limekwisha kupanda, aliwahi kumpa saa ya ukutani isafishwe. Ikarudi inang'aa, na imesogezwa mbele dakika arobaini. Kinyozi akawahi kazini mwezi mzima, wateja wakaongezeka, na alipoigundua hila hiyo hakujua agombe au ashukuru.

Mkewe, mkunga mstaafu asiyependa maneno mengi, alimwonya mara kwa mara. "Mume wangu, iko siku utatega na utanasa wewe."

"Mimi sitegi mtu," alijibu. "Narekebisha."

Kwao alikaa mjukuu wao, binti wa miaka kumi na saba mwenye miguu mirefu na mdomo usiochelewa. Babu alimwita Mshale. Bibi alimwita mke mwenzangu, hasa siku alizokuta sufuria hazijaoshwa. Binti huyo alikimbia mita mia nane, yaani mizunguko miwili ya uwanja, na kila jioni ya mazoezi babu alifunga kibanda mapema wakaenda pamoja kwenye uwanja wa vumbi wa shule ya ufundi. Babu alibeba vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa saa ya chuma ya kupimia mbio, aliyoiunda mwenyewe kwa vipuri vya saa tatu zilizokufa. Cha pili kilikuwa daftari la jalada gumu, ambamo kila mbio iliandikwa kwa wino mweusi: tarehe, hali ya hewa, na muda mpaka nukta ya sekunde.

Sasa, mwaka mmoja na nusu kabla ya mambo haya, Mshale alikuwa amewashinda wasichana wote wa shule za jirani kwa umbali wa kutia aibu, na kichwa kikaanza kumvimba. Akaacha mazoezi ya Jumatano. Kisha ya Ijumaa.

"Babu, nikimbie nimfukuze nani?" aliuliza akiwa amejilaza kwenye kochi, miguu juu ya mto. "Walio nyuma yangu siwaoni hata nikigeuka."

Babu hakubishana. Aliingia kibandani, akalifungua tumbo la ile saa, akaifupisha springi yake, ile nyembamba kama unywele inayoongoza mwendo. Springi ikifupishwa, saa hukimbia. Tangu siku hiyo, kila dakika moja ya walimwengu ilihesabiwa na saa ya babu kuwa dakika moja na sekunde tatu.

Mshale alipokimbia na kusomewa muda wake, alisimama mdomo wazi. "Nimekuwa kobe?"

"Mimi sijasema. Saa ndiyo iliyosema."

Mazoezi ya Jumatano yakarudi. Ya Ijumaa yakarudi. Akaongeza na ya Jumapili.

Babu alikusudia dawa hiyo iwe ya wiki moja. Lakini ilifanya kazi vizuri mno, na ni mganga gani amnyang'anyaye mgonjwa dawa inayomponya? Wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa mwaka, uongo ukaota ndevu. Cha ajabu ni kwamba daftari aliliandika kwa uaminifu usio na kifani. Hakuongeza nukta, hakupunguza nukta. Kila ilichodanganya saa yake, yeye alikinakili kwa unyofu kamili.

Mara moja tu daftari hilo liliguswa na mkono mwingine. Babu alikuwa kitandani na mafua, bibi akaenda uwanjani badala yake, akapima kwa saa yake ya mkononi na kuandika: dakika mbili, sekunde kumi na moja. Babu aliposoma alishtuka, kwa maana juzi yake saa ya chuma ilikuwa imetoa mbili na kumi na nane. Haraka akaukata mstari huo kwa wino mwekundu na kuandika pembeni, "Mpimaji hana ujuzi." Bibi, ambaye maisha yake yote alihesabu mapigo ya mioyo ya watoto wasiozaliwa bado, hakumsemesha siku nne. Mshale alimwamini fundi. Mashindano ya shule nayo hayakupima muda; yalitaja tu nani wa kwanza.

Ndipo likaja tangazo. Mfuko wa kuwasaidia wanariadha chipukizi ulikuwa unatafuta vijana wanane wa kuwagharimia kwa miaka miwili: bweni katika kituo cha mazoezi, chakula, viatu, daktari, nauli za mashindano, na mwalimu anayejua kazi yake. Kwa wasichana wa mita mia nane kiwango kilikuwa dakika mbili na sekunde kumi, mbele ya kamati. Aliyetaka kuitwa alipaswa kupeleka nakala ya daftari lake la mazoezi, na asiwe amekizidi kiwango hicho kwa zaidi ya sekunde tano.

Mshale alilisoma tangazo mara tatu. Nyumbani kulikuwa na mapenzi tele lakini hakukuwa na kingine cha kumfikisha kokote. Watu siku hizi hutazama saa kwenye simu, na kibanda cha babu kilikuwa kikipokea saa chache kuliko wambea. "Mfuko huu usiponichukua, babu," alisema, "mwakani miaka inanipita. Hawapokei wa kumi na nane."

Muda wake bora, kwa mujibu wa daftari, ulikuwa mbili, kumi na nne na nukta mbili. Ulipenya kwa tundu la sindano. Barua ya mwaliko ikaja.

Babu angeweza kusema kweli siku hiyo. Badala yake alijifungia kibandani akicheka peke yake. Alijiona tayari uwanjani, kamati ikidondosha kalamu kwa mshangao, na yeye akipokea pongezi kwa unyenyekevu. "Waache waje," alijisemea. "Watajuta kuzaliwa na macho mawili tu."

Siku ya majaribio walifika wanne: babu, bibi, Mshale, na kinyozi aliyefunga duka ili aje kupiga kelele. Njia za kukimbilia zilikuwa za mpira mwekundu, mistari myeupe kama iliyochorwa asubuhi ile. Chini ya turubai waliketi wanakamati watatu, na wa katikati alikuwa Mama Katibu, mwanamke mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa mnyororo.

Mshale alikimbia kama aliyeiba. Mzunguko wa kwanza alikaa nyuma ya bega la mwenzake. Wa pili akatoka, akaenda zake. Kinyozi alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Saa ya kamati ilisoma mbili, saba na nukta nne.

"Babu!" Mshale alikuja akihema, machozi na jasho vimechanganyika. "Mbili na saba! Umesikia? Mbili na saba!"

Babu alitabasamu, akajiandaa kwa pongezi. Chini ya turubai hakuna aliyedondosha kalamu. Mama Katibu alivaa miwani, akafungua nakala ya daftari, akafuata mistari kwa kidole. Kisha akawaita.

"Binti, wiki tatu zilizopita ulikimbia mbili na kumi na nne. Leo mbili na saba. Umefanya nini katika wiki hizi tatu?"

"Mazoezi, mama."

"Mwanangu, sekunde saba katika mita mia nane watu huzitafuta miaka miwili. Mwaka jana tulimchukua kijana mmoja aliyepaa hivihivi, kumbe anameza vidonge. Mwaka juzi dada mtu alikuja kukimbia badala ya mdogo wake. Sisemi wewe ni mmoja wao. Nasema mwendo wako na daftari lako havijuani."

"Nipimeni!" Mshale alisema. "Damu, mkojo, chochote."

"Majibu huchukua wiki sita. Orodha tunaifunga leo saa kumi." Akachukua kalamu. "Pole sana."

Mshale hakulia. Alisimama tu, akitazama ncha ya ile kalamu kana kwamba ni sindano ikielekea machoni mwake. Nyuma ya babu alikuwa kinyozi, mdomo mkubwa kuliko yote mtaani; yeye babu akikiri, jua halitatua kabla kila mwenye saa hajajua kwamba Babu Sekunde ni mwongo wa saa. Miaka thelathini na minane. Alikohoa.

"Mama Katibu, daftari ndilo lenye makosa. Binti hana kosa."

"Makosa ya kuandika?"

"Kuandika nimeandika sawasawa. Saa ndiyo..." Akaipapasa mfukoni. "Saa niliiharibu. Kwa makusudi."

Bibi aligeuza shingo polepole, kama mlango mzito.

"Mzee," alisema Mama Katibu, "nimewahi kuona walimu wanaopunguza muda ili watoto wao waonekane wepesi. Wako ni wa kwanza niliyemsikia akizidishiwa."

"Alikuwa ameanza uvivu. Nikataka kumtia pilipili kidogo."

"Kidogo?" Mshale aliuliza. "Mwaka na nusu?"

"Ilikuwa iwe wiki moja, mke wangu."

"Usiniite mke wako!" Mshale alifoka.

Mama Katibu alinyoosha mkono. Babu akatoa ile saa ya chuma, akaiweka mezani kando ya saa ya kamati, na zote mbili zikabonyezwa kwa pamoja. Ya kamati ilipofika sitini, zikasimamishwa. Ya babu ilisoma sitini na tatu.

"Hilo linathibitisha kwamba saa ni mbovu leo," Mama Katibu alisema. "Halithibitishi kwamba ilikuwa mbovu mwaka jana. Ungeweza kuiharibu jana usiku."

Maneno yote mazuri aliyotayarisha fundi yalikuwa ya kupokelea sifa.

Aliyesogea mbele ni bibi. Alilichukua daftari halisi kutoka kwapani mwa mumewe bila kumwomba, akalipekua mpaka karibu katikati, akaliweka mezani na kugonga kidole juu ya mstari uliokatwa kwa wino mwekundu. "Hapa alikuwa anaumwa. Nilipima mimi, kwa hii." Akaonyesha saa ya mkononi. "Hii hajaigusa. Simpi."

Mama Katibu akasoma kupitia wekundu ule: mbili na kumi na moja. Akasoma na yaliyoandikwa pembeni, akamtazama babu juu ya miwani. Akavuta kikokotozi. Juzi yake, mbili na kumi na nane. Akaigawa kwa kiasi cha kasi ya ile saa, ikawa mbili, kumi na moja na nukta nne. Mbio iliyofuata, mbili na kumi na moja tena, na nukta mbili. Mstari wa bibi ulikaa katikati yao kama jino mahali pake. Akaendelea, ukurasa baada ya ukurasa, wenzake wakiinama kutazama, na muda wa Mshale ukashuka taratibu, nukta kwa nukta, mwezi kwa mwezi, hadi mbio ya mwisho ya daftari: mbili, saba na nukta nane.

"Leo amekimbia saba na nukta nne," alisema mwenzake wa kushoto. "Basi hakupaa. Alikuwa akipanda ngazi."

"Mzee," Mama Katibu alisema, "kama siku moja tu ungemhurumia ukampunguzia hata sekunde, hesabu hii ingekataa. Sijapata kuona uongo ulioandikwa kwa uadilifu hivi."

"Ahsante," alisema babu.

"Haikuwa sifa."

Kinyozi alikuwa amejishika mbavu. "Babu Sekunde, kesho nakuletea saa yangu ya ukutani. Safari hii nakaa hapohapo nikikutazama!"

Mama Katibu aliandika jina la Mshale kwenye orodha, akamgeuzia fomu. Vijana wote walioteuliwa waliruhusiwa kurudi nyumbani wakati wa likizo, na fomu ilitaka ijulikane nani atawapimia muda huko. Mshale alishika kalamu. Babu akanyoosha koti lake. Akapiga hatua moja mbele, nusu hatua nyuma.

"Mshale," alisema kwa sauti ya chini. "Nimekukosea. Sikufikiria kwamba ungeamini."

"Ningeacha kuamini vipi? Ni wewe." Aliishusha kalamu. "Unajua mimi nilikuwa nikienda kulala najiambia sina kipaji, ila nina babu mvumilivu?"

Babu alitoa leso akaifuta ile saa pale mezani, ingawa haikuwa na vumbi.

Mshale akainama, akaandika jina la bibi. Kisha akaona chini yake mstari wa msaidizi, akasita, akaandika na la babu, na mbele yake, kwa herufi kubwa: MBEBA MAJI.

Babu alivaa lenzi yake ya ufundi ili asome vizuri. Alisoma mara mbili. Rangi ikamrudi usoni.

"Mama Katibu," alisema, "huyu mbeba maji, mfuko unamfikiriaje? Ana kofia? Ana fulana?"

"Hana."

"Hata filimbi?"

"Mume wangu," alisema bibi, akiwa tayari amekwisha kuichukua ile saa ya chuma mezani na kuitumbukiza ndani kabisa ya mkoba wake, "mtoto ana kiu."

Babu Sekunde akaokota chupa tupu, akauliza bomba liko upande gani, akaenda mbio.