Mafurushi Yalirudi na Fundo Langu

Ulikuwa mwaka ule mchele ulipopanda bei mpaka pilau ya arusi ikapikwa nusu tambi, na sie wa Temeke tukazoea mihogo asubuhi, ugali wa dona na dagaa jioni. Mwaka huohuo chumba changu kiligeuka stoo. Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, alikuwa ameanza kazi ya kuchapisha vitabu vya hadithi za watoto. Mtoto niliyemlea kwa kuuza ndizi mbichi, leo jina lake liko nyuma ya jalada. Mie niliishia darasa la nne, lakini jina hilo nalisoma bila miwani.

Kumbe kuchapa si kazi; kazi ni kukifikisha kitabu kwa mtu. Maduka ya mjini yalimwambia hayapokei mwenye kitabu cha aina moja, arudi akiwa navyo kumi. Akatuma mzigo Tabora kwa basi. Mzigo ulifika, aliyeupokea hajulikani mpaka leo. Vilivyobaki vikalala chini ya kitanda changu na juu ya kabati, mie nikawa napita ubavu.

Ndipo akaja wakala. Ana gari linalofika mikoani, anawasambazia wachapishaji wadogo kama mjukuu wangu. Alivua viatu mlangoni, akanipa shikamoo, akatoa tende. Akakaa kidogo, akanipa shikamoo ya pili. Mie mtu akiniamkia mara mbili kwa kikao kimoja, nashika mkoba wangu.

"Bibi, nikivichukua mie, mwezi mmoja tu utapata nafasi ya kusalia humu ndani."

"Nafasi ya kusalia ninayo. Wewe sema unavipeleka wapi."

"Kila kona."

"Kona haina jina?"

Mjukuu wangu akanikonyeza ninyamaze. Lakini mafurushi ya vitabu niliyafunga mwenyewe, kwa kamba ya katani, kwa fundo nililofungia mizigo yangu sokoni miaka yote. Fundo hilo mkia wake unamezwa ndani. Asiyelijua akilifungua hawezi kulirudisha lilivyokuwa. Ndivyo tulivyokuwa tukijua mzigo umechokolewa njiani. Sikumwambia mtu.

Wakala alivirudisha kabla Ramadhani haijaisha. "Haviendi, sista," alimwambia mjukuu wangu. "Nimezunguka navyo mikoani kote. Watu siku hizi hawasomi." Mtoto wa watu akaenda kujifungia chooni alie. Mie nikachuchumaa kwenye mafurushi, nikayapapasa moja moja. Mafundo yote yangu. Mikia yote imemezwa, vilevile nilivyoifunga.

Wiki hiyohiyo mpangaji wangu wa chumba cha uani, mwalimu wa kike, mtu wa Singida, alirudi kutoka Vingunguti anakofundisha, ana furaha.

"Hongera, Bibi. Kitabu cha mjukuu wako darasani kwangu karibu kila mtoto anacho. Wazazi wananunua kwenye meza za barabarani."

Akanipa kimoja. Nikakilaza karibu na chetu. Kuku wetu wa jaladani ni mwekundu; huyo wake alikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Karatasi nyepesi, nikiiinua kwenye mwanga nakiona kidole changu upande wa pili.

"Labda walionakili ni watu wa kiwandani tulikochapisha," mjukuu wangu akasema. "Anaweza kuwa yeyote, Bibi. Hatuna ushahidi."

"Mtu kazunguka na mzigo mikoani kote hajafungua hata furushi moja. Alikuwa anawaonyesha watu kamba?"

Na wakala akarudi, safari hii na sukari. Amesikia kitabu cha pili kiko tayari. Anataka kile kifaa kidogo kama kidole, kitabu chote kimo mle, akakichape mwenyewe kwa bei ya chini na kukisambaza moja kwa moja. Mie kifaa nilishakitia kwenye sidiria tangu asubuhi alipopiga simu.

Nikamuuliza habari ya mafundo. Akacheka.

"Bibi, fundo ni fundo tu. Watu niliwaonyesha kile kimoja cha sampuli mlichonipa mkononi. Hivyo vya barabarani ni vya wezi, hata mie wananiumiza."

Jibu lilikuja haraka mno, kama la mtu aliyelifanyia mazoezi njiani.

"Basi hicho kimoja kilikuwa jike," nikamwambia. "Kimezaa Vingunguti nzima."

Mjukuu wangu akacheka bila kutaka, akaziba mdomo. Wakala akamgeukia yeye.

"Sista, Dar hii nani mwingine atakubebea kitabu mpaka Mbeya? Nipe leo, shule zinafunguliwa."

Mjukuu wangu akaninyooshea mkono. "Bibi, nipe. Nikiukosa msimu huu wa shule nafunga kazi, narudi kuajiriwa."

"Hakitoki kifuani kwangu kwenda mkononi kwake," nikasema.

"Utaniulia kazi, Bibi." Machozi yakaanza kumtoka.

Nilijua huenda kweli. Sina gari, Mbeya simjui mtu, na hata mwalimu mpangaji wangu akisaidia kuuza, kikapu chake kitabeba vitabu vingapi? Na kama yule mtu hana kosa, basi nitaulizwa na Mungu. Lakini nilimtazama. Macho yake hayakuwa kwa mjukuu wangu aliyekuwa akilia, wala usoni pangu. Yalikuwa kifuani kwangu, kikongwe kama mie.

"Bibi," wakala akasema taratibu, "unasemaje basi?"

Yeye sikumjibu. Nilimjibu mjukuu wangu.

"Hakitoki kifuani kwangu kwenda mkononi kwake."