Sauti ya Kahawa Iliyokauka

Juzi binti yangu alinipeleka Thika kupimwa masikio. Msichana wa kliniki akanifunika masikio, akanipa kidude cha kufinya. "Ukisikia sauti, finya, shosho." Nikafinya, nikafinya, kisha nikakaa nikingoja. Kumbe sauti zilikuwa bado zinakuja. Akaniambia polepole, "Zile nene bado unazo, shosho. Nyembamba ndizo zinaenda." Nikafunga macho pale kwenye kiti, na mimi huyo Ruiru ya utotoni wangu, kando ya meza za kahawa.

Kama hujaona kahawa ikianikwa, wacha nikwambie. Ikishaoshwa ilimwagwa juu ya meza ndefu za waya, bado imevaa ganda lake jeupe, na akina mama wakaigeuza kwa mikono kutwa nzima. Jua kali, harufu ya maganda yaliyochacha, viazi vitamu vikiiva majivuni. Kahawa ikiwa na maji ilifanya shhh, kama mtu anayevuta blanketi. Ikikauka ililia chaka-chaka, kama mvua ya kwanza kwenye mabati. Nyapara hakuipakia mpaka nyanya yangu, shosho wangu, aisikilize. Aliinama, akachota, akamwaga karibu na sikio. "Bado." Ama, "Funga." Kahawa yenye maji huota ukungu guniani, na aliyeipitisha alirudishwa kulima. Shosho na mgongo wake ule, jembe angeweza wapi?

Alinifundisha ningali mdogo. Nilifunga macho, akamwaga kwa mkono huu, halafu ule, mimi nachagua iliyokauka. Kwenye meza walikuwa Wangari, Muthoni, na Akinyi aliyetoka upande wa ziwa. Hata wao niliwajua kwa sauti ya mikono yao tu. Mkono wa Akinyi ulikuwa na haraka. Wa Muthoni ulisita katikati, kama mtu aliyekumbuka kitu.

Siku moja shosho akamwaga, akasema, "Funga." Nyapara akashika gunia. Lakini mimi nilisikia: chini ya chaka-chaka kulikuwa na shhh kidogo. Nikisema, nimemwaibisha mbele ya watu. Nikinyamaza, ni jembe. Nikavuta leso yake. "Shosho, bado inavuta blanketi."

Akamwaga tena. Nikaona usoni mwake kwamba hasikii tofauti yoyote.

"Sasa nimsikilize nani," nyapara akauliza, "wewe ama huyu mtoto?"

Kwetu mtoto hupewa jina la nyanyake, na mimi nilikuwa na lake. Shosho akanyoosha mgongo. "Nyokabi amesema bado. Kwani hapa mna Nyokabi wangapi?"

"Ni mmoja tu!" Wangari akaitikia. "Ila huyo ana masikio manne!"

Meza zote zikacheka, hata nyapara. Kahawa ikarudi juani. Tangu hapo shosho alimwaga, mimi nikamfinya kidole ikiwa imekauka, yeye akatangaza. Jembe hakulishika tena maisha yake yote.

Kahawa ile iling'olewa zamani, pakajengwa nyumba za kupanga, ghorofa juu ya ghorofa. Nilipitia hapo majuzi nikasimama kidogo. Akina mama walikuwa wanafua, maji yakimwagika, wakipiga stori. Nikafunga macho nisikilize mikono yao. Yote ilisikika sawa. Sijui ni masikio yangu, ama ni kwa sababu hakuna hata mmoja niliyemjua jina.