Kipande Chenye Uzi Mwekundu

"Hizo gramu ni za nyama iliyopikwa, bila mfupa. Si kila mtu anajua?"

Nilipomwambia napima nyama ikiwa mbichi, afisa wa lishe alijibu hayo bila hata kuinua macho, na akina mama kwenye benchi la kliniki wakacheka. Hapo ndipo uvumilivu wangu uliisha. Mtoto wangu alikuwa bado kwenye mizani, analia. Nikamnyanyua, nikamwambia yule kijana, "Mimi nimefika kidato cha nne. Kusoma najua. Nionyeshe kwenye karatasi yako wapi pameandikwa imepikwa."

Akaangalia. Hapakuwa na kitu. "Nyama ya mbuzi, gramu mia," halafu kalori zake, basi.

Karatasi hiyo alinipa yeye mwenyewe nilipojifungua, presha ikapanda, nikaambiwa nipunguze uzito. Nikaishika kama amana. Lakini kwetu Wasomali nyama hupikwa sufuria moja, huliwa sinia moja, yako utaijuaje? Basi nikawa napima kipande changu kibichi, na mfupa wake, nakifunga uzi mwekundu ndipo nakitumbukiza. Kikitoka kimenywea, ukitoa mfupa, kinabaki cha kutafuna mara mbili tatu. Nikasema, ndizo kalori zangu hizo.

Mama mkwe alinitazama tu. Mpaka siku alipopata wageni kutoka Dadaab, na uzi ukaishia mdomoni mwa shangazi wa mume wangu. Akauvuta, ukawa unatoka tu.

"Abaayo, dada yangu, huyu mbuzi mlimchinja au mlimshona?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mama mkwe hakucheka. Alisema polepole, "Mke wa mwanangu anapima chakula. Wallahi, watu watasema nyumba yangu ina njaa." Nikakimbilia jikoni, nikajifanya naosha vyombo. Hadi leo nikikumbuka uso unawaka.

Maziwa yakapungua. Mtoto akawa haongezeki. Kila kliniki afisa yule alisoma kilo zake kwa sauti, kisha mbele za watu: "Mama, unajikondesha uwe mrembo wa mtandaoni, mtoto anyonye nini?" Nami nilikuwa namvisha mtoto nguo, narudi kwenye benchi. Niliamini kosa ni langu. Nilimwomba mwanangu msamaha kwa kosa la karatasi, na hilo ndilo linaloniuma kuliko ule uzi.

Siku ile niliyomdai anionyeshe karatasi, sikurudi kwenye benchi. Nilikwenda ofisi ya msimamizi wa hospitali, mtoto begani, nikaandika malalamiko kwa mkono wangu na kungoja mpaka yakapigwa muhuri:

"Karatasi ya lishe haisemi nyama ipimwe mbichi au iliyopikwa, na mfupa au bila. Nimekula pungufu nikinyonyesha, na mtoto wangu hakuongezeka. Naomba irekebishwe, iandikwe na Kisomali. Naomba afisa aache kutangaza kilo za watoto wetu na kutukejeli kwenye foleni. Na naomba aniombe radhi palepale kwenye benchi, wakiwepo waliocheka."