Kadi za Mabruki na Faili la Tekla

Marehemu mume wangu, Mabruki, alikuwa karani wa masijala katika ofisi moja ya serikali hapa Tabora. Wapo watu mtaani kwetu Gongoni wanaosema hata leo kwamba aliwahi kuficha faili la mama mmoja wa Lusu ili apewe chochote. Nimenyamaza vya kutosha. Nitaeleza yaliyotokea, pamoja na yale ambayo nisingependa yajulikane.

Masijalani palikuwa na sanduku la kadi. Kila kadi iliandikwa jina la mtu, na chini yake namba ya kabati na droo ya faili lake. Mwananchi akija, karani hakuwa na haja ya kupekua makabati kumi na mawili. Alitazama kadi, akaenda moja kwa moja. Mabruki alizipenda kadi zile mno. Alizipangusa vumbi kwa kitambaa nilichompindia mwenyewe.

Mwaka 1974 watu walihamishiwa vijiji vipya, na mafaili yao yakapangwa upya. Tangu hapo kadi zikawa zinadanganya. Ukifuata kadi hadi kabati la nne, droo ya pili, unakuta habari za chanjo ya ng'ombe.

Tekla, yule mama wa Lusu, alifika kwa basi siku ya Jumanne. Binti yake, Apolinaria, alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi, na alitakiwa aonyeshe cheti cha kuzaliwa kabla ya Ijumaa saa sita, la sivyo nafasi apewe mwingine. Cheti kilipotea wakati wa kuhama. Nakala pekee ilikuwa ndani ya faili la familia. Mabruki alitafuta, hakuliona, akamwambia arudi kesho.

Jumatano Tekla akasimama tena dirishani, akamwamkia kwa Kinyamwezi. "Mwangaluka, Ndugu Karani. Ulisema kesho, na kesho yenyewe ndiyo hii."

"Bado natafuta, dada yangu."

Mtu mmoja kwenye benchi akacheka. "Mpe kuku, mama. Hapo panangojewa kuku."

"Kuku wangu walikataa kuhama," Tekla akajibu. "Akiwataka, awafuate mahameni."

Watu wakacheka, na maneno yakafika Gongoni kabla ya mume wangu.

Nilimwekea chakula, hakukigusa. "Zamda," akasema, "kosa ni langu."

Aliniambia yote. Amri ya mkuu wake, Ndugu Eustace, ilikuwa mafaili yapangwe kwa majina ya watu, kijiji kwa kijiji. Lakini watu walikuja kuandikishwa kwa makundi, kila kundi na balozi wake wa nyumba kumi, naye Mabruki akayaweka mafaili vile vile walivyokuja, kundi kwa kundi. Alikusudia kuandika kadi mpya Jumamosi. Jumamosi ile ndiyo niliyoanguka kwa homa, akanipeleka hospitali Kitete, akakaa nami siku nne. Aliporudi kazini, kadi zilikwisha kumtoka akilini.

Nami, niliyesoma na kujiona najua heshima ni nini, nikamwambia, "Sema ni Lugembe." Lugembe alikuwa tarishi aliyembebea mafaili.

Mabruki akanitazama kwa upole ulioniumiza kuliko kofi. "Lugembe alibeba, mke wangu. Hakupanga."

Niliona haya. Kisha nikamkumbusha habari aliyopenda kuisimulia ya babu yake, mnyapara wa misafara. Mzigo ukipotea njiani, babu yule hakuuliza ulilala kambi gani. Aliuliza nani aliubeba.

"Kwa hiyo usimuulize Tekla kijiji," nikasema. "Muulize alikuja na nani."

Alhamisi asubuhi alisimama dirishani, benchi limejaa, Eustace akisikia.

"Dada Tekla, faili lako halikufichwa na mtu. Nililiweka mahali pasipo pake, kisha sikurekebisha kadi. Siku ya kuandikishwa, balozi wenu alikuwa nani?"

"Huyu wa sasa ni Josepha. Siku ile alikuwa Hilari."

Alikwenda kwenye droo yenye watu wa Hilari. Faili lilikuwa la tatu kutoka nyuma. Nakala ikapigwa mhuri, na Apolinaria, aliyekuwa akingoja uani na sanduku lake la bati, akaondoka nayo siku ile ile. Ijumaa asubuhi alipokewa chuoni.

Eustace alimwandikia mume wangu barua ya onyo. Ninayo. Inasema "uzembe katika kurekebisha kadi," na imetiwa sahihi. Haisemi kuficha. Anayetaka kuisoma aje, nitampa na kiti.

Kisha Eustace akaniruhusu nisaidie. Kwa Jumamosi sita, kila mchana, Mabruki alifungua mafaili na kunisomea majina, nami nikaandika kadi mpya, kwani hati yangu ilisomeka kuliko yake. Kila baada ya droo moja aliniuliza kama nimechoka. Nilikuwa nimechoka, na kila mara nilimjibu, "Bado. Soma anayefuata."