Nimetolewa mahari ya ng'ombe kumi na wanane kwa mshahara nisiokuwa nao

Admin, nifichie jina, maana huku Tarime tunajuana. Mimi ni binti wa miaka 26, kwetu ni Nyamwaga, ila nimepanga chumba Nkende. Nina digrii ya rasilimali watu. Nina mchumba, mwalimu wa shule ya msingi kule Kisaka, na ndoa yetu ni mwezi ujao. Naandika nikiwa stoo ya kazini, nimejifanya nahesabu mashuka.

Nilisoma kwa mkopo wa serikali. Nilipomaliza nilikuwa nadaiwa milioni kumi na moja, lakini sikuogopa, nilijua nikiajiriwa watakata kidogo kidogo. Nimetuma maombi mpaka vyeti vimechakaa kwa kutolewa kopi. Mwisho nikapata kazi kwenye nyumba ya wageni hapa mjini, laki moja na nusu kwa mwezi. Napanga zamu za wahudumu wanne, na asubuhi mmoja asipokuja napika chai mwenyewe. Bosi ananiita "HR" halafu anacheka. Zamani nilikuwa nacheka naye.

Juzi nilipiga hesabu. Nikianza kulipa laki moja kila mwezi, nitamaliza baada ya miaka tisa, na mimi nibaki na elfu hamsini. Chumba ni elfu thelathini. Sasa nile nini? Dada anayekaanga samaki jirani yangu hakufika hata kidato cha pili, na ananizidi kipato.

Lakini deni la serikali silo linalonimaliza. Kinachonimaliza ni uongo wangu.

Mwaka juzi baba alinipigia simu akiwa kwenye sherehe ya jirani, nasikia watu wanaongea nyuma yake. Akaniuliza, "Umepata kazi, mama?" Nikaona aibu kumwambia hapana mbele za watu. Nikasema nimepata, niko ofisi ya utumishi, kampuni inayohudumia mgodi. Nilidhani baada ya mwezi mmoja au miwili nitapata kweli, uongo utajifuta wenyewe. Mchumba wangu nilipokutana naye nikamwambia hivyo hivyo. Akija Tarime anakuja Jumapili, ofisi anajua imefungwa.

Siku ya mahari nilikuwa jikoni na mama. Wazee wa upande wa mchumba wangu walikuja wakiwa na ahadi ya ng'ombe kumi, kama ilivyo kwa wengi. Nikamsikia baba anasema, "Huyu siyo binti wa kulima tu. Huyu ni afisa. Ana mshahara wa kila mwezi mpaka anastaafu. Kumi ni wa nani?"

Mzee mmoja wa kwao akauliza, "Mshahara huo mmeuona?"

Baba akajibu kwa ukali, "Mura, unaniita mwongo nyumbani kwangu?"

Pale ndipo ningetoka. Hatua tano tu, nipige magoti, niseme tata, baba yangu, nisamehe. Sikutoka. Niliendelea kusonga ugali. Wakafika kumi na wanane.

Wenye asili ya huku mnajua kilichofuata. Kaka yangu Mwita alikuwa anangoja ng'ombe wangu ili aoe. Hawakukaa zizini hata wiki mbili, wakapelekwa kwa kina Bhoke, na Bhoke akaja nyumbani akiwa mke wa kaka. Ananiheshimu kuliko mtu yeyote. Kwa mila zetu yeye ameolewa kwa ng'ombe wangu, kwa hiyo nikifika ananiambia, "Karibu wifi, wewe ndiye uliyenioa." Sasa ana mimba ya miezi sita.

Jumapili iliyopita mchumba wangu amekuja na furaha. Kasema, "Saccos yetu wamekubali tukope wote wawili. Jumamosi ulete slipu yako ya mshahara, tuanze kujenga Kisaka."

Nikajaribu kumpima. Nikamuuliza, "Na kama ningekuwa sina kazi hiyo?"

Akacheka. "Ningekuoa tu. Ila ng'ombe nisingetoa kumi na wanane. Wanane ni wa mdogo wangu, nimemwahidi tutamrudishia kwa mishahara yetu, naye aoe. Kwani vipi?"

Nikamwambia hamna kitu, nauliza tu. Nikaingia chooni nikalia, nikafungulia bomba ili asisikie.

Nimemwambia mama peke yake. Akasema, "Nyamaza mwanangu. Olewa kwanza. Ukishazaa, nani atadai ng'ombe?" Nampenda mama yangu, ila maneno hayo yalinitisha. Kuna kijana wa stationery hapa mjini anatengeneza slipu bandia kwa elfu ishirini, haijulikani kabisa kama ni feki. Jana nilisimama mlangoni kwake, pesa nimeikunja mkononi, nikarudi.

Nampenda huyu mwanaume, jamani. Sijamfuata kwa mali, mwalimu ana mali gani? Lakini nikisema ukweli wazee wake watadai ng'ombe wao, na ng'ombe hawapo. Baba atalazimika kuwafuata kwa kina Bhoke, na Bhoke atarudishwa kwao na tumbo lake. Hajawahi kunikosea hata neno moja. Nikinyamaza, huyu mwalimu anaingia kwenye mkopo mwingine akitegemea hela ambayo haipo, na mdogo wake anangoja ng'ombe ambao sitawalipa kamwe.

Nitukaneni, nastahili. Ila msiniambie nitafute kazi nyingine, nimetafuta mpaka basi. Jumamosi anakuja saa nne asubuhi. Nishaurini ndugu zangu, nimwambie yeye kwanza, au nianze kwa kwenda Nyamwaga nimwombe Bhoke msamaha wakati bado ni wifi yangu?